Shajara ya mradi: maoni ya wageni wa gesti jirani na maudhui ya gesti ya vyumba 14, Dodoma

Gesti iko Ilazo, vyumba 14, bei ya kawaida shilingi 40,000 hadi 50,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani. Lengo ni kuandika maudhui ya stetasi ya WhatsApp, Instagram na ukurasa wa gesti kwenye Ramani za Google kwa kuanzia na yale ambayo wageni wameshayasema kuhusu gesti nyingine za mjini. Majina ya gesti hizo hayatatajwa. Kwenye jedwali zinaitwa A hadi I, na humu zitabaki hivyo.

13 Januari: Kuchagua washindani

Orodha ya kwanza ilitoka kwa mwenye gesti: majina 6, manne kati yake hoteli kubwa za katikati ya mji. Tulisoma maoni ya mojawapo kwa saa mbili, na karibu yote yalihusu bwawa la kuogelea, kumbi za mikutano na chakula cha jioni. Mgeni anayetafuta chumba cha 45,000 halinganishi gesti hii na hoteli ile. Anailinganisha na gesti ya mtaa wa pili.

Tukafuta yale manne na kuweka vigezo viwili: bei kati ya 30,000 na 60,000, na iwe sehemu ambayo mgeni aliyeshuka stendi ya Nanenane au stesheni ya SGR angeweza kuelekezwa na dereva wa bajaji. Zikapatikana 9 za Ilazo, Kisasa, Ipagala, Area D na Nzuguni. Mshindani ni yule ambaye mgeni wako angelala kwake kama simu yako isingepokelewa.

20 Januari: Kunakili maoni

Chanzo kikuu ni Ramani za Google. Gesti mbili tu kati ya 9 zipo Booking.com. Kule maoni huandikwa na aliyeweka nafasi kupitia tovuti hiyo, na sehemu ya sifa imetengwa na ya kasoro, kwa hiyo kazi ni nyepesi.

Kwa Google tulifikiria kuvuta maoni kwa njia ya kiprogramu. Njia rasmi hurudisha maoni 5 tu kwa kila sehemu, na kuyakomba kwa programu za pembeni kunakatazwa na masharti ya huduma yenyewe. Tukanakili kwa mkono: siku tatu, maoni 386 yenye maneno. Nyota tupu zisizo na maneno hatukuzichukua, maana hazisemi kitu.

Makosa mawili yalitupotezea nusu siku.

La kwanza ni tafsiri. Simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza huonyesha maoni ya Kiswahili yakiwa yametafsiriwa tayari. Mgeni wa gesti C aliandika kwamba maji pale ni ya manati, na tafsiri ikaleta habari za kifaa cha kurushia mawe. Asiyejua asili yake hawezi kuona kwamba mtu huyu anasema maji ni ya kubahatisha. Gusa sehemu ya kuona maoni ya asili kila mara, au badilisha lugha ya simu kabla ya kuanza. Maneno ya mgeni mwenyewe ndiyo mali unayoitafuta.

La pili ni mpangilio. Google hutanguliza maoni inayoyaona yanafaa zaidi, na kwenye gesti F hayo yalikuwa ya zamani, ya kabla ya jengo kukarabatiwa. Panga kwa mapya kwanza.

Majina na picha za walioandika hatukuvichukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na kwa kazi hii jina la mgeni halina faida yoyote. Safu zetu ni nne: gesti, nyota, maoni, umri wa maoni. Usihifadhi skrinshoti, kwa sababu jina na uso huingia humo bila wewe kukusudia.

29 Januari: Kuchuja

Kutoka 386 tuliondoa 145:

- 71 ni ya zamani. Google haionyeshi tarehe, huonyesha "miaka 2 iliyopita", na maneno hayo yanaweza kuwa miezi 24 au 35. Tukakata kuanzia hapo.
- 38 yalihusu baa au ukumbi wa sherehe, si malazi.
- 22 yalikuwa neno moja au mawili: "Pazuri", "Safi sana".
- 14 yalitia shaka: nyota tano, siku zilezile, kutoka akaunti zisizo na maoni mengine popote.

Yamebaki 241.

3 Februari: Daftari la mapokezi

Kabla ya kuposti chochote tumeweka kaunta buku mapokezini. Kila anayeuliza chumba kwa WhatsApp au simu, mhudumu anaandika swali lake la kwanza, kwa maneno yake. Wiki mbili, hadi tarehe 16. Ukiruka hatua hii hutakuwa na cha kulinganisha baadaye.

5 Februari: Kuhesabu maneno kumefeli

Tulitaka njia ya mkato: kutafuta "maji", "kelele", "mbu" na "bei" kwenye jedwali, kuhesabu, kisha kupanga kwa wingi. Kwa mbu tuliandika fomula ya kuhesabu maoni yenye herufi hizo, =COUNTIF(C2:C242,"*mbu*"), na jibu likawa 29. Kabla ya kufurahia tulifungua yote 29. Tisa yalikuwa yanasifu nyama choma ya mbuzi. Matatu yalikuwa na "kumbuka" na "kumbukumbu". Yaliyobaki 17 yalikuwa ya mbu kweli, lakini manne kati ya hayo yalisema "hakuna mbu". Malalamiko halisi ni 13.

"Maji" ni hivyo hivyo: yanaokota "majibu" na "majirani". Dawa ya sehemu hii ipo. Ondoa nukta na mikato kwa fomula ya SUBSTITUTE, inayobadilisha herufi moja kwa nyingine, ongeza nafasi mwanzo na mwisho wa kila maoni kwenye safu mpya, kisha tafuta "* mbu *" yenye nafasi pande zote. Mbuzi wanatoka.

Lakini tatizo kubwa haliponi kwa fomula. Wageni waliokosa maji wengi hawakuandika neno maji. Waliandika "bomba kavu", "tuliogea ndoo", "shawa ni pambo". Kwa upande mwingine, "maji ya moto yapo muda wote" lilihesabiwa kama lalamiko. Kiswahili hubeba kukanusha ndani ya kitenzi: hayatoki, hawakuleta, halifungi. Kompyuta inayohesabu nomino inapita pembeni ya habari yenyewe. Maoni 241 ni kazi ya siku mbili kwa macho ya mtu. Yasome.

12 Februari: Jina la kundi liwe kitenzi

Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, walipewa maoni 60 ya kwanza wayapange kwa makundi tuliyoyatunga: usafi, huduma, mazingira, bei, vifaa. Walitofautiana kwenye maoni 17. Sababu ilionekana upesi: "huduma mbovu" lilikuwa shimo la taka. Mhudumu aliyechelewa kufungua geti usiku, chai iliyochelewa na risiti iliyokosekana, vyote vilitupwa humo, ilhali ni mambo matatu tofauti kabisa.

Tukafuta makundi yote na kuuliza swali moja kwa kila maoni: mgeni alitaka kufanya nini, akashindwa au akafanikiwa? Kuoga. Kulala. Kufika. Kula mapema. Kulipa alichoambiwa. Kupata risiti. Kufanya kazi kwa intaneti. Maoni yale yale 60 yakasomwa upya, tofauti zikashuka hadi 5. Tukaendelea na yote.

Katika 241, na maoni moja linaweza kuingia kundi zaidi ya moja: kuoga 58, kulala 44 (muziki wa baa, magari na wale mbu), kulipa alichoambiwa 36, kufika 31, kupata risiti 23, kula mapema 19. Intaneti yalikuwa 11 tu.

Kundi la risiti linahitaji maelezo kwa asiyeijua Dodoma. Sehemu kubwa ya wageni wa siku za kazi ni watumishi waliokuja wizarani au taasisi fulani, na wanaporudi wanadaiwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ili wafunge hesabu ya safari. Mgeni wa gesti B alieleza kwamba mashine "ilikuwa mbovu" asubuhi ya kuondoka, akaahidiwa kutumiwa risiti kwa WhatsApp, haikuja. Alitoa nyota moja, na chumba chenyewe alikisifu.

19 Februari: Safu ya "kwetu je?"

Hii ndiyo safu iliyobeba mradi mzima, na tulichelewa kuiweka. Pembeni ya kila kundi tuliandika hali ya gesti yetu: tunacho leo, tunaweza kukirekebisha, hatuwezi.

Mwenye gesti alidhani angepata ushindi karibu kila mstari. Haikuwa hivyo. Tunacho leo: risiti, kwa sababu mashine ipo na mhudumu wa usiku anajua kuitumia. Tunaweza kurekebisha: maji, chai, bei, maelekezo. Hatuwezi: vyumba 9 vya mbele vinasikia barabara, na ukuta hauhamishwi. Vyumba 5 vya nyuma ni kimya.

Kanuni tuliyoiandika juu ya jedwali: lalamiko la jirani ambalo na sisi tunalo ni kazi ya fundi. Halijawa posti.

24 Februari: Posti ya kwanza, imeondolewa

Kanuni ikiwa imeandikwa, ilivunjwa ndani ya siku tano. Ikawekwa Instagram: "Umechoka kuogea ndoo? Karibu kwetu." Maneno yalitoka moja kwa moja kwenye maoni ya gesti D. Wiki hiyo hiyo mgao ulituacha siku mbili bila maji ya bomba, tanki likaisha siku ya pili, na mgeni aliyekuwa ndani akaandika chini ya posti: "Leo nimeogea ndoo hapa hapa." Iliondolewa baada ya saa tano, na mgeni akarudishiwa nusu ya malipo, 20,000.

Makosa yalikuwa matatu ndani ya sentensi moja. Tuliahidi kisichokuwepo. Tulichukua maneno ya mgeni kama yalivyo, na watu wa D waliyatambua. Na tuliandika kumhusu jirani badala ya kujihusu. Hili la tatu hata lingekuwa kweli lingebaki baya, kwa sababu msomaji anaondoka na picha ya ndoo, haondoki na picha ya gesti yako. Vilevile Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha mlaji kibiashara, kwa hiyo ahadi ya maji bila maji si suala la aibu tu.

17 Machi: Fundi kwanza

Hesabu ya maji: wageni hadi 20, lita 80 kwa kila mmoja, ni lita 1,600 kwa siku kabla ya kufua mashuka. Tanki lilikuwa la lita 2,000, yaani siku moja na kidogo. Limeongezwa la lita 5,000. Tanki, msingi na fundi: 1,480,000, fungu la mwenye gesti, haliingii kwenye gharama za maudhui. Sasa lita 7,000 zinafika siku nne bila kufua, siku tatu na kufua.

Chai imesogezwa kutoka saa 1:30 hadi saa 12:00 asubuhi siku za kazi. Mtumishi anayekwenda Mji wa Serikali Mtumba hawezi kusubiri saa moja na nusu. Mpishi ameongezewa nauli ya bodaboda ya alfajiri.

Bei ndiyo iliyochukua muda. Malalamiko 36 hayakuwa ya bei kubwa. Yalikuwa ya bei kubadilika: kwenye simu 40,000, mapokezini 50,000 "kwa sababu ya Bunge". Mwenye gesti alitaka kubaki huru kupandisha. Tulimsomea malalamiko 10 mfululizo kwa sauti. Akakubali bei mbili zilizoandikwa: ya kawaida, na ya Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, na bei aliyotajiwa mgeni kwa WhatsApp ndiyo anayolipa.

7 Aprili: Posti tano

Kila posti inajibu kitenzi kimoja, kwa namba, bila kumtaja jirani.

Kuoga: picha ya matanki mawili, "Lita 7,000. Mgao ukitukuta, tuna maji ya siku tatu." Rasimu ya awali ilisema "maji ya uhakika masaa 24". Kila gesti ya Dodoma imeandika hivyo, na ndiyo maana hakuna anayeamini.

Kupata risiti: picha ya risiti ya EFD, taarifa za mteja zimefunikwa, na maelekezo ya kutuma jina la taasisi na namba ya mlipakodi jioni, kabla ya kulala. Mgeni anaondoka nayo mkononi.

Kula mapema: "Chai saa 12 asubuhi, kabla ya safari ya Mtumba." Hapa kulikuwa na kosa. Toleo la Kiingereza la posti liliandika 12, na mgeni kutoka Nairobi akauliza kama kweli chai hutolewa adhuhuri. Kwa Kiingereza andika 6:00, na kwenye ukurasa wa Google saa zote ni za mtindo huo.

Kulipa: picha ya bango la bei mbili.

Kufika: video ya sekunde 40 kutoka Nanenane na nyingine kutoka stesheni, zimepigwa kwa simu ndani ya bajaji, mchana, kisha kona ya mwisho ikarudiwa usiku, maana wanaopotea wengi hufika usiku. Tuliandika nauli ya bajaji kwenye video, na baada ya siku nane mgeni na dereva wakabishana getini. Nauli imeondolewa. Chochote ambacho hukipangi wewe kisiingie kwenye video. Tulikuta pia pini ya ramani ikiwa mtaa wa nyuma, mita kama 200 kutoka getini. Ilirekebishwa bila gharama, na ilipaswa kuwa kazi ya siku ya kwanza.

Kuhusu kulala hatukuposti. Kwenye WhatsApp mhudumu anauliza, "Unasumbuliwa na kelele za barabara? Nikupe chumba cha nyuma?" Vyumba vitano havistahili tangazo, vinastahili swali.

Mwenye gesti aliomba pia posti za zabibu na mvinyo wa Dodoma. Katika 241, zabibu zimetajwa mara mbili, zote na wageni waliofurahi kuelekezwa pa kununua za kubeba nyumbani. Tumeziweka kwenye ujumbe wa kuaga asubuhi ya kuondoka, msimu wake unapofika.

28 Aprili: Tangazo la kulipia, 45,000 imepotea

Posti ya maji ililipiwa kwa siku tisa, 5,000 kwa siku, ikalengwa watu wa Dodoma. Ilipendwa sana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chumba, kwa sababu mtu wa Dodoma ana kwake pa kulala. Tangazo la malazi linalengwa mgeni anakotoka: Dar es Salaam, Morogoro, Singida, Iringa. Tumerekebisha ulengaji kwa ajili ya raundi ijayo. Tungepata fedha nyingine leo, ingewekwa kwenye video ya maelekezo.

19 Mei: Daftari linasema nini

Wiki mbili za Februari: maulizo 64. Swali la kwanza lilikuwa bei mara 27, maji mara 14, mahali ilipo mara 11. Wiki mbili za Mei: maulizo 71. Bei 12, maji 4, mahali 5. Wengi sasa wanaanza na tarehe: "Kuna nafasi Jumanne?"

Vyumba vimejaa, lakini hilo hatulihesabu. Bunge la bajeti linajaza gesti zote za mji, hata zisizo na ukurasa. Tunachoweza kukitetea ni kwamba mazungumzo ya WhatsApp yamefupika na ubishi wa bei mapokezini umekoma. Habari ya vyumba itasomeka Julai, Bunge likishaondoka.

Kwenye daftari hilo hilo limetokea swali tusilolitegemea, mara 9: "Gari linalala ndani?" Kwenye jedwali letu halikuwepo. Tulirudi kwenye maoni 241 na kulikuta, ila kwenye nyota tano: "geti linafungwa", "gari lilikuwa salama". Tulisoma malalamiko kwa makini na sifa kwa haraka. Aliyepata alichokitaka anakitaja kwa maneno mawili tu, na ni rahisi kumpita.

2 Juni: Gharama hadi sasa

Bando 30,000. Kuchapa jedwali na bango la bei 8,000. Msomaji wa pili, siku tatu, 90,000. Bajaji za kupigia video 24,000. Kuhariri video 60,000. Tangazo 45,000. Jumla 257,000, bila tanki, bila nusu ya malipo iliyorudishwa.

Raundi ya pili imeanza, safari hii nyota nne na tano peke yake, kitenzi kikiwa "alifanikiwa kufanya nini". Posti ya maegesho inasubiri taa ya pili ya uani, fundi wa umeme anakuja Alhamisi. Tumeongeza safu moja kwenye jedwali: mwezi wa kukaa, pale unapotajwa. Malalamiko ya vumbi chumbani yamekuwa machache kuliko tulivyotarajia, na tunashuku ni kwa sababu maoni mengi tuliyoyanakili Januari yaliandikwa miezi ya mvua. Tutanakili tena Septemba, katikati ya kiangazi. Kabla ya hapo, madirisha ya vyumba vya mbele yatawekewa mpira pembeni.